Roboti Katika Maktaba za Shule za Watoto
(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi)



Katibu amenipa nusu saa naye amenionya nisipite, kwa hivyo nitaingia katika shauri moja kwa moja. Katika mkutano uliopita kulitolewa ombi kwamba sehemu ya fedha zetu za elimu itumike kununua roboti ndogo za kuwafundishia watoto wa praimari kuandika programu, nazo ziwekwe katika maktaba ya shule. Kelele zikawa nyingi. Mmoja alisema huo ni mchezo wa watoto wa matajiri. Ndugu mwingine, ambaye namheshimu sana kwa kazi aliyoifanyia chama hiki, aliuliza hivi: si roboti ndiyo hiyo inayokuja kutunyang'anya kazi, nanyi mwataka tuilipie nauli? Watu walicheka, lakini swali lake halikupata jibu. Basi mimi nimesoma juu ya jambo hili, hasa jinsi linavyofanywa huko Marekani, maana ndiko lilikoanzia, nami nataka kuwaeleza kabla hamjapiga kura.

Kwanza neno lenyewe. Kazi hii Waingereza huiita kodingi, na mzee mmoja wa karakana aliposikia aliniuliza kama ni kodi mpya ya Serikali. La, mzee wangu, kodi mpya zina njia yake ya kuja. Kuandika programu ni kuipa mashini amri, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu ambao mashini itaufuata bila kuongeza wala kupunguza. Sisi wa reli twaweza kulielewa jambo hili kuliko watu wengi. Ukimwambia mwenzako, "Hebu sogeza lile behewa kidogo," yeye hutazama mahali, akakisia unataka nini, akafanya. Mashini haijui "kidogo". Lazima uiambie hatua ngapi, upande gani, na isimame wapi. Ukisahau kuiambia isimame, haitasimama.

Tena si jambo la juzi. Mwaka 1856 Mwingereza mmoja, John Saxby, alipewa hati ya uvumbuzi kwa kufungamanisha mikono ya kuvutia pointi na mikono ya kuvutia ishara. Wazee waliopata kufanya kazi katika kibanda cha ishara wajua maana yake: kama njia haijawekwa sawa, mkono wa ishara hauvutiki hata ukiuning'inia. Mtu alikaa akafikiri, "Ikiwa hii iko hivi, ile isiweze kuwa vile," kisha akaliandika wazo lake kwa chuma. Leo wazo la namna hiyo huandikwa ndani ya kompyuta, wala halionekani kwa macho, na hapo ndipo taabu yetu inapoanzia. Nitarudi huko.

Sasa habari za watoto. Mwaka 1967, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Bibi Cynthia Solomon, pamoja na wenzao, walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Logo, iliyokusudiwa watoto. Wakati ule kompyuta ilikuwa kitu cha majeshi, mabenki na vyuo vikuu, na kusema kwamba mtoto wa miaka kumi aiamuru kulionekana kama wazimu. Huyu Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, naye alikuwa katika watu weupe waliopinga ubaguzi wa kule kabla hajatoka kwenda ng'ambo. Mwenyewe ameeleza kwamba alipokuwa mtoto mdogo alipenda magurudumu ya meno, yale ya kusukumana ndani ya mashini, akayachezea na kuyafikiria hata hesabu za shule zikawa rahisi kwake. Nadhani huyo angepata marafiki wengi katika karakana yetu.

Papert na wenzake walitengeneza mashini ndogo ya kutambaa sakafuni, wakaiita kobe. Jina hilo halikuwa jipya, kwa maana huko Bristol, Uingereza, mwaka 1948 na 1949, Grey Walter alikuwa amekwisha tengeneza kobe wake wa umeme waliofuata mwanga. Lakini kobe wa Papert aliamriwa na mtoto. Alifungwa kwa waya kwenye kompyuta, akawa na kalamu tumboni, na kila alipopita alichora mstari kwenye karatasi. Mtoto aliandika: nenda mbele hatua 50, geuka kulia digrii 90, na kama akirudia mara nne, basi mraba umechorwa.

Sasa tazameni linalotokea mtoto akitaka pembetatu yenye pande sawa. Darasani amefundishwa kwamba kila pembe ni digrii 60. Basi anamwamuru kobe aende mbele, ageuke 60, aende mbele, ageuke 60, na kobe anaenda zake kuchora umbo la pande sita. Mtoto anashangaa. Mwalimu wa namna ya zamani angemwambia, "Umekosa, keti chini." Lakini kwa kobe, mtoto huambiwa asimame, atembee mwenyewe sakafuni kama kobe, ahesabu anageuka kiasi gani anapofika kwenye pembe. Akifanya hivyo anaona kwamba mwili wake unageuka zaidi sana kuliko ile pembe iliyo ndani ya umbo. Ni digrii 120. Wengi wetu tuliosoma katika shule za misheni tulikariri pembe kama tulivyokariri katekisimu, tukapita mtihani, tukasahau. Mtoto aliyeitembea pembe kwa miguu yake hasahau upesi.

Jambo la pili katika hadithi hii, nami naliona ndilo kubwa, ni kwamba kobe akikosea, kosa lina mwenyewe. Kobe hakuamua kwenda kule. Kuna amri iliyompeleka, na amri hiyo iliandikwa na mtu, na yaweza kutafutwa mstari kwa mstari mpaka ionekane na kusahihishwa. Mafundi wa kompyuta huliita kosa kama hilo "mdudu". Neno hilo mafundi walilitumia zamani, lakini mwaka 1947 watu waliokuwa wakitumia kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard walimkuta nondo wa kweli ndani yake, wakambandika katika daftari la kazi.

Siku hizi roboti za watoto hazihitaji waya. Iko moja iliyotengenezwa Uingereza, Bee-Bot, yenye umbo la nyuki, nayo hutumika katika shule nyingi za huko na za Marekani. Haina kioo wala maandishi marefu. Mgongoni ina mishale: mbele, nyuma, kushoto, kulia, kuna kitufe cha kufuta na kitufe cha kuanza. Kila hatua yake ni sentimita 15, na ile ya kwanza iliweza kushika amri 40. Iko nyingine, KIBO, iliyotokana na kazi ya Bibi Marina Bers alipokuwa Chuo Kikuu cha Tufts. Hiyo huamriwa kwa vipande vya mti: mtoto huvipanga mstari mmoja, kila kipande amri moja, kisha roboti husoma alama zilizo juu ya vipande na kutenda. Fikirini, ndugu: mti na mishale. Mtoto ambaye Kiingereza chake bado kibichi hafungiwi mlango.

Na kwa nini maktaba? Mimi pia niliuliza. Nilidhani maktaba ni mahali pa kunyamaza. Lakini katika shule nyingi za msingi za Marekani kila darasa lina saa yake ya maktaba, kwa kawaida mara moja katika juma, na mwenye maktaba huwa ni mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Maana yake, kitu kikiwekwa maktaba, hukigusa watoto wote: wa kike na wa kiume, wepesi na wazito, yule ambaye mzazi wake ana gari na yule ambaye mzazi wake anafagia stesheni. Kikiwekwa katika chama cha jioni cha kulipia, watakigusa walewale. Tena maktaba haina mtihani. Mtoto akikosa mara saba hakuna anayeandika sifuri. Na maktaba huazima vitu. Mwaka 2014 maktaba ya mji wa Chicago ilipokea roboti 500 za namna iitwayo Finch, zilizotolewa na kampuni ya Google, na mtu mwenye kadi ya maktaba aliweza kuchukua roboti nyumbani kama anavyochukua kitabu.

Somo lenyewe huwa namna hii. Mwenye maktaba husoma hadithi, tuseme ya mtoto aliyetumwa kisimani, akapita sokoni, akakutana na mbuzi, akafika kwa nyanya yake. Kisha hutandikwa karatasi kubwa yenye miraba ya sentimita 15, na watoto wenyewe huchora kisima, soko, mbuzi na nyumba ya nyanya, kila kitu katika mraba wake. Halafu watatu watatu hupewa roboti moja, wampeleke nyuki pote hapo kwa mfuatano wa hadithi. Mmoja huandika amri kwenye karatasi, wa pili hubonyeza, wa tatu hutazama na kusema ni wapi imepotea. Asiyesikiliza hadithi hawezi kuandika amri, kwa hivyo kitabu hakikutupwa, bali kimepewa kazi zaidi. Tena hao watatu lazima wapatane. Nimeona kamati za watu wazima ambazo zingefaa kupewa nyuki mmoja.

Nimesema mazuri, na sasa niseme yale ambayo muuza roboti hatawaambia.

Kwanza, zimesemwa ahadi nyingi kuliko zilizotimia. Roy Pea na Midian Kurland, wataalamu wa Bank Street College huko New York, waliwapima watoto waliofundishwa Logo ili waone kama sasa wanapanga kazi nyingine vizuri kuliko wenzao, na katika maandishi yao ya mwaka 1984 wakasema hawakuona tofauti ya maana. Yaani mtoto akijifunza kumwamuru kobe, amejifunza kumwamuru kobe. Mengine hayaji yenyewe kama mvua, mpaka mwalimu ayaunganishe. Kwa hiyo anayewaambia kwamba roboti itamfanya mtoto wenu kuwa na akili katika masomo yote, mwambieni alete ushahidi.

Pili, vipuri. Hili sina haja ya kulieleza sana mbele ya watu walioona kichwa cha gari kizima kimelala miezi kwa kukosa kitu kidogo cha kutoka ng'ambo. Kampuni ya Anki ya San Francisco iliuza roboti ndogo yenye kusifiwa sana, Cozmo, kuanzia mwaka 2016, na mwaka 2019 kampuni ikafunga milango. Hata kampuni kubwa ya Lego, iliyoanza kuuza roboti zake za Mindstorms mwaka 1998, na jina hilo walilichukua katika kitabu cha Papert, iliacha kuziuza mwisho wa mwaka 2022. Roboti nyingi haziwezi kufanya kazi bila simu au kompyuta yenye programu ya kampuni, na siku kampuni ikichoka, shule hubaki na sanamu ya plastiki. Kwa hiyo mimi nasema, kama tutanunua, tununue ile yenye vitufe vyake mgongoni, isiyoomba ruhusa kwa mtu aliye ng'ambo kila inapotaka kutembea.

Tatu ni jambo la kazi, nalo limenichoma. Yule mwenye maktaba niliyemtaja, anayesoma hadithi na kuwapatanisha watoto, huko Marekani kwenyewe anaondolewa. Philadelphia ni mji mkubwa wenye shule za Serikali zaidi ya 200, na wakutubi wenye cheti katika shule hizo wamekuwa wa kuhesabiwa kwa vidole. Mwaka 2023 huko Houston, Texas, msimamizi aliyewekwa na serikali ya jimbo alifuta kazi za wakutubi katika shule 28, na vyumba vya maktaba vikageuzwa, pamoja na mambo mengine, kuwa mahali pa kuwaweka watoto walioondolewa darasani kwa utundu. Sisemi roboti ndizo zilizowaondoa. Lakini ni rahisi kwa mkubwa kupigwa picha na roboti kuliko kumlipa mtu mshahara kila mwezi. Roboti bila mtu wa kuisimamia itaishia kabatini. Nami kabati nalijua: katika shule ya misheni niliyosoma, vitabu vyote vya hadithi vilikuwa katika kabati moja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Tulizijua rangi za migongo ya vitabu kupitia kioo.

Na hapa kwetu tumekwisha liona jambo hilo. Mwaka 2016 Serikali ilianza kugawa vibao vya kompyuta kwa watoto wa Darasa la Kwanza, na shule nyingine zilivitumia vizuri, lakini nyingine zilivifungia stoo kwa kuogopa wezi, au kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuvitumia. Mwaka 2022 ikakubaliwa kwamba mafunzo ya kuandika programu yaingie katika shule zetu za praimari na sekondari. Ni jambo jema, nami nalisifu. Lakini kukubali karatasini na mtoto kushika kitu mkononi si jambo moja.

Basi nifike kwenye swali la yule ndugu, kama roboti itatunyang'anya kazi. Nyuki wa sentimita kumi na kitu hatamnyang'anya mtu kazi. Lakini ndugu yule hakuuliza upuuzi. Dizeli ilipoondoa mvuke, kazi ya mchochea moto ilikwisha, na hakuna mkutano ulioweza kuirudisha. Mashini zitaendelea kuja, tukinunua nyuki au tusinunue. Swali ni kama zitatukuta tunaelewa jinsi zinavyoamriwa.

Nitawapa mfano ambao kila mmoja hapa anaujua, wala sitaji ofisi. Mfanya kazi anapata hati ya mshahara, saa zake za ziada hazimo. Anakwenda dirishani. Anaambiwa, "Ni kompyuta iliyokata." Anauliza, "Kwa nini?" Anaambiwa, "Ndivyo ilivyosema." Naye anarudi nyumbani, maana mtu atabishanaje na kompyuta? Ratiba ya zamu ikibadilishwa, kompyuta. Jina likikosekana katika orodha ya marupurupu, kompyuta. Imekuwa ni tajiri mpya asiye na jina, asiyekuja kwenye mazungumzo, na asiyeweza kuandikiwa barua.

Mtoto aliyempeleka nyuki kisimani akamwona anaenda kwa mbuzi, kisha akatafuta katika karatasi yake akakuta ameandika kulia badala ya kushoto, mtoto huyo hataambiwa hivyo akanyamaza. Atauliza: nani aliyeiandikia amri hiyo? Nionyesheni mstari. Hayo ndiyo ningependa wanetu wajue mapema, hata wale ambao hawatagusa kompyuta kwa kazi yao. Papert aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba shule nyingi huitumia kompyuta kumpangia mtoto, naye alitaka mtoto ndiye aipangie kompyuta. Hili ni neno ambalo chama cha wafanya kazi kinaweza kulielewa bila mkalimani.

Kwa hiyo naomba mkutano uamue hivi. Tusitoe fedha zote, wala tusinunue roboti ishirini za kuonyeshea wageni. Tununue mbili, za vitufe, ziandikwe katika daftari la maktaba kama kitabu, na kamati yetu iwe na haki ya kwenda kutazama kama zinatumika. Zikae muhula mmoja shule ya karibu na nyumba za reli, muhula wa pili ziende shule nyingine, ndani ya sanduku lenye kufuli na karatasi zake za miraba. Lakini kabla ya senti moja kutoka, Katibu aandike kwa mwalimu mkuu kuuliza ni nani atakayekaa nazo, na saa yake ya kazi hiyo imo katika ratiba au anatarajiwa kuifanya bure. Kama ni bure, chama hiki hakiwezi kuliunga mkono, maana tutakuwa tunamfanyia mwalimu lile tunalolikataa kufanyiwa sisi.

Na tukingojea barua ijibiwe, liko la kufanya bila fedha. Huko New Zealand, tangu miaka ya 1990, Tim Bell na wenzake wamewafundisha watoto mambo haya bila kompyuta yo yote, kwa karatasi, kadi na michezo. Sisi twaweza kuchora miraba kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi huu. Mtoto mmoja awe roboti, afumbe mdomo, afuate tu yaliyoandikwa. Wenzake waandike amri za kumtoa mlangoni mpaka kwenye meza ya Mwenyekiti bila kugonga kiti. Nimejaribu na wanangu nyumbani na majirani walidhani tumepata dini mpya.

Ninataka watu wazima wanne kwa Jumamosi ijayo, saa tatu ya asubuhi, hasa mtu wa ishara mmoja na mtu wa kupanga mabehewa mmoja, maana hao wamezoea amri zisizo na "kidogo". Karatasi ya majina iko mezani kwa karani. Chaki nitaleta mimi.